Barua ya wazi kwa Bodi ya Wadhamini: mjitoleaji akae chini ya mama mlezi, si mahali pake

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini wa makao ya watoto ninakojitolea
Nakala: Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri, Mchungaji Kiongozi wa usharika ulionituma

YAH: UTARATIBU WA KUWAPOKEA WAJITOLEAJI NA KUWAPANGIA KAZI

Waheshimiwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninawaandikia kwa heshima, na ninawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimekwisha kuzipita zote. Katika mwezi wa tatu wa kukaa kwangu nilizungumza na meneja wa kituo, nikaambiwa nivumilie kwa kuwa mimi bado mgeni. Nikamwandikia katibu wa Bodi barua ya kurasa mbili. Jibu lililonifikia kwa mdomo, kupitia mtu mwingine, lilikuwa kwamba jambo hilo linaombewa. Nikasubiri kikao cha robo mwaka, kikapita bila jambo lenyewe kuingia katika ajenda. Sina shaka kwamba linaombewa. Ninachoomba ni kwamba sasa lijadiliwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyehitimu na ambaye, kama wenzangu wengi, bado ninasubiri ajira. Usharika wangu ulioko Nyanda za Juu Kusini ulinituma kujitolea kwa mwaka mmoja katika makao yenu huku kaskazini, nami nilikuja kwa moyo mweupe. Nimekula chakula chenu, nimelala ndani ya chandarua mlichonipa, na watoto wameniita dada tangu jioni ya kwanza. Sitalitaja jina la kituo wala la mtu yeyote, kwa kuwa hao watoto hawakuniomba niwatangaze. Hoja yangu ni moja, ingawa nitaieleza kwa vipengele: utaratibu wenu wa kumpokea mjitoleaji umepangwa ili yeye azoee upesi na afurahi, na gharama ya kuzoea huko analipa mtoto.

1. Kupokelewa bila kuulizwa.

Nilifika Jumatano alasiri nikiwa na begi moja na barua ya mchungaji. Barua ile ilisema kwamba mimi ni msharika mwaminifu, mtu wa sala, na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalomhusu mtoto wa miaka miwili. Hakuna aliyeniomba cheti cha tabia njema kutoka polisi, hakuna aliyewapigia simu watu niliowahi kufanya nao kazi, na kama kuna mwongozo wa ulinzi wa mtoto katika kituo, mimi sijawahi kuonyeshwa. Kabla ya saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimekabidhiwa ufunguo wa chumba cha watoto wadogo. Mtu mwenye nia mbaya naye anaweza kuimba sauti ya pili.

Kwa wenzetu wanaotoka nje ya nchi, uzembe huo unakwenda mbali zaidi. Sheria ya nchi yetu, Tanzania, imeweka kibali cha ukaazi cha daraja C ambacho kinawahusu pia wanaokuja kujitolea, lakini nimeishi na wenzangu kadhaa walioingia kwa viza ya matembezi na kuambiwa kwamba wakiulizwa waseme wametembelea marafiki. Sioni ni kwa namna gani tunawafundisha watoto Amri Kumi asubuhi, kisha tunamfundisha mgeni kusema hivyo jioni.

2. Mjitoleaji kupewa nafasi ya mama mlezi.

Hili ndilo kubwa, na hapa nitakaa zaidi.

Kuanzia Juni hadi Agosti, wageni wanapokuwa wengi, mama walezi wa chumba cha wadogo huhamishiwa jikoni na kwenye kufua, ili wageni, ambao wametoka mbali na wametoa michango yao, wapate muda na watoto. Mama mwenye miaka kumi na minne ya kazi hiyo anasonga ugali wa watu sitini, na binti wa miaka kumi na tisa ambaye atakaa wiki tatu ndiye anayemlaza mtoto. Sina neno baya juu ya binti huyo. Alikuja kwa upendo, alifua nepi bila kuchagua, na siku ya kuondoka alilia hadi akashindwa kuaga. Watoto nao walilia, tukapiga picha, na Jumatatu iliyofuata akaja mwingine.

Nami nilifanya kosa lile lile, tena kubwa kuliko lake kwa sababu nilikuwa na muda mrefu zaidi wa kulifanya. Kulikuwa na mtoto wa kiume, miaka miwili na miezi kidogo, aliyekuwa akiamka usiku na kulia. Nilimchukua nikalala naye chumbani kwangu usiku mmoja, kisha wa pili, kisha ikawa kawaida. Alikuwa akilala huku ameshika pindo la kanga yangu, na nikimfungua vidole kimoja kimoja alikuwa akivirudisha palepale bila kuamka. Nilijiona nimefanikiwa. Meneja alinisifu mbele ya wageni kwamba nimezoea upesi kuliko wote waliotangulia, na kusema kweli sifa ile niliipenda.

Pasaka nilikwenda nyumbani siku kumi na mbili. Niliporudi nilimkuta amekonda. Mama mlezi alinieleza, bila ukali wowote, kwamba siku tano za kwanza alikuwa akikaa kwenye ngazi inayotazama geti na kukataa uji, na kwamba usiku alikuwa akipapasa godoro. Nilichuchumaa nikamnyoshea mikono. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayepita zake barabarani, kisha akageuka kuokota kifuniko cha soda. Angelia ningefarijika.

Mama mlezi huyo ndiye aliyenionyesha daftari. Ni kauntabuku ya kawaida, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, anaiweka juu ya kabati la nguo na kuandika humo kila usiku: nani ameamka, nani amekojoa kitandani tangu wageni waondoke, nani halali mpaka kitanda chake kitazame mlango. Juu ya mtoto yule alikuwa ameandika miezi mingi kabla sijafika: "Akilia asihamishwe. Kaa karibu, mshike mgongo, atalala." Maneno saba. Hakuna aliyeniambia siku ya kwanza kwamba daftari hilo lipo, na nina hakika kwamba wajumbe wengi wa Bodi wanalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo nilianza kusoma, na nikagundua kwamba jambo nililolifanya linajulikana kwa muda mrefu sana. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza John Bowlby alichapisha ripoti aliyoandikia Shirika la Afya Duniani, akaonyesha kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na usiokatika na mama yake au mtu mmoja anayesimama mahali pa mama. Utafiti mwingine ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 jijini Bucharest, Romania, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo. Waliohamishiwa katika familia walikua vizuri kuliko waliobaki, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohama kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyekaa na wazazi wake, unataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, liligusa moja kwa moja madhara yanayotokana na programu za kujitolea katika vituo vya yatima, zikiwamo zile zinazofungamana na utalii. Kituo chetu kina chumba kizima cha watoto wa umri huo, na ndicho chumba tunachomfikishia mgeni kwanza akishuka kwenye gari, kwa sababu ndicho kinachogusa mioyo.

Kuna ukuta barazani ambao wajumbe mnaufahamu, kwa kuwa hupigwa picha katika kila ziara. Kila mjitoleaji anayeondoka huchovya kiganja kwenye rangi na kukigandamiza ukutani, kisha huandika jina lake na mwaka. Nimehesabu viganja hamsini na vitatu. Cha mama mlezi yeyote hakimo. Kila jioni kabla ya sala, msichana mmoja wa darasa la pili huweka kiganja chake juu ya kimoja, halafu kingine, akitaja majina taratibu kama mwalimu anayeita mahudhurio.

3. Ndugu wa mtoto kusubirishwa getini.

Tangazo la getini linasema Jumamosi ni siku ya ndugu kuwatembelea watoto. Jumamosi hiyo hiyo ndiyo siku ya wageni na wafadhili. Jumamosi moja alifika bibi mmoja saa tatu asubuhi, amebeba chane mbili za ndizi kwenye kikapu, akaambiwa na mlinzi asubiri kwa kuwa ndani kulikuwa na wajitoleaji wapya wanaocheza na watoto ili wazoeane. Alikaa chini ya mti hadi saa tisa alasiri. Nilipopata habari na kumwingiza, alikaa na mjukuu wake dakika ishirini hivi, kwa sababu alikuwa na safari ndefu na Hiace ya mwisho haimsubiri mtu. Mjukuu huyo, katika kipeperushi tunachowagawia wafadhili, ameandikwa kuwa ni mtoto asiye na mtu duniani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na mwongozo wa Umoja wa Mataifa nilioutaja unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Alichokosa bibi yule, kwa maelezo yake mwenyewe, ni sare za shule na chakula cha kumfikisha kwenye mavuno. Tiketi moja ya ndege ya mjitoleaji ingeyamaliza hayo kwa muda mrefu.

4. Picha na ushuhuda.

Hapa nitasema kwa kifupi. Watoto wa darasa la nne na la tano wanasimamishwa mbele ya wageni kueleza wazazi wao walikufaje. Wajitoleaji wanawapiga picha wakioga, wakila na wakilia, na kuzituma kwa watu wao kabla hata ya chakula cha usiku. Bwana wetu alisema, utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Sisi tunahakikisha kila mtu amejua.

5. Imani ya mtoto aliyoikuta kwao.

Katika chumba cha wakubwa yupo mtoto kutoka familia ya Kiislamu. Mjitoleaji mmoja alishindwa kutamka jina lake, akampa la Biblia, na leo jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye madaftari yake ya shule. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2003, unasema katika kifungu cha 25 kwamba anapotafutiwa mtoto malezi mbadala uzingatiwe mwendelezo wa malezi yake, pamoja na asili yake ya kabila, dini na lugha. Mimi ni Mkristo na ninatamani watu wote wamjue Kristo. Lakini mtoto huyu anakula kwetu, analala kwetu na hana pengine pa kwenda, na jina lake tulilichukua bila kumuuliza yeye wala shangazi yake.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa maana mengine nimekwisha kuambiwa.

Mtasema hakuna fedha za kuajiri mama walezi wa kutosha, hivyo bila wajitoleaji kazi haiendi. Lakini wajitoleaji wa kutoka nje wanalipa ada ya kila wiki, na ninauliza, bila kumtuhumu mtu, ni sehemu gani ya ada hiyo inawafikia mama walezi, ambao baadhi yao wamefanya kazi miaka mingi bila mkataba wa maandishi. Mtasema watoto wanafurahi, na ushahidi ni namna wanavyowakimbilia wageni na kuwakumbatia. Naomba kila mjumbe mwenye mtoto au mjukuu wa miaka miwili ajiulize kama mtoto huyo humkimbilia na kumkumbatia kila mtu asiyemjua anayeshuka kwenye gari, au hujificha nyuma ya gauni la mama yake. Wetu hawajifichi kwa sababu hawana gauni la kujificha nyuma yake.

Mtasema pia kwamba hii ni kazi ya Mungu na anayeikosoa anaizuia. Andiko tulilolichora juu ya lango ni Yakobo 1:27, linalosema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Nimepita chini ya andiko hilo mara nyingi bila kulitafakari, mpaka siku ile ya bibi wa ndizi, ambaye ni mjane. Mtume aliwataja wote wawili kwa pamoja. Sisi tumemchukua yatima tukamweka ndani, na mjane tumemwacha chini ya mti.

Na wapo watakaosema kwamba mimi ni kijana, tena nimekuja juzi. Hilo sina la kulijibu. Mama walezi wamekuja zamani, na kama wangeulizwa wangeyasema haya vizuri kuliko mimi. Hawasemi kwa sababu wanahofia kazi zao, nami sina kazi ya kupoteza hapa.

Ninaloliomba kwanza, na ambalo halihitaji shilingi hata moja, ni kwamba mjitoleaji yeyote, awe wa hapa nchini au wa nje, akifika awekwe chini ya mama mlezi. Mwezi wake wa kwanza autumie jikoni, kwenye kufua, shambani na katika kuwasaidia wakubwa masomo ya jioni, na asiingie chumba cha wadogo ila kwa kuitwa na mama mlezi na akiwa naye. Kumwogesha, kumlisha na kumlaza mtoto wa chini ya miaka mitano kubaki kuwa kazi ya mama mlezi wa kudumu, hata Julai, hata gari la wafadhili likiwa uwanjani. Anayekuja kwa wiki tatu anaweza kupaka rangi madarasa, kuchimba shimo la taka, kurekebisha hesabu za ofisi au kutengeneza bomba, na hizo ni kazi za heshima. Daftari la usiku litambuliwe kuwa kumbukumbu rasmi ya kituo, na mjitoleaji alisome kabla hajapewa ufunguo wowote.

Ninaomba vilevile kwamba asipokelewe mtu bila cheti cha tabia njema, kibali halali na taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Kwamba Jumamosi irudishwe kwa ndugu, na wageni watafutiwe siku nyingine. Kwamba ushuhuda wa vifo mbele ya wageni ukome mara moja, pamoja na picha. Kwamba namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto, ibandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma na kuna simu ya kuipiga. Na kwamba mtoto niliyemtaja arudishiwe jina lake. Na kwa kushirikiana na ofisi ya Ustawi wa Jamii, majalada ya watoto wote wenye ndugu wanaojulikana yapitiwe upya, tukianza na chumba cha wadogo, ili anayeweza kurudi kwao au kupelekwa katika malezi ya kambo, yaani kulelewa na familia nyingine, asiendelee kukaa hapa kwa sababu tu anapendeza machoni pa wageni. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 4, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, na inazitaja taasisi binafsi kama inavyozitaja za umma.

Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini, na ninaomba mama walezi wawili, watakaochaguliwa na wenzao, waalikwe katika kikao kitakachoijadili barua hii na wahakikishiwe kwamba hawatafukuzwa kwa watakayoyasema.

Mwaka wangu wa kujitolea haujaisha, na kama Bodi haitaniondoa nitaumaliza. Jumatatu iliyopita nilimrudishia mama mlezi ufunguo wa chumba cha wadogo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake bila kusema neno. Mtoto yule ameanza tena kulala usiku kucha. Mimi humsikia tu kwa mbali wakati wa uji wa asubuhi, akidai kikombe chekundu.

Wenu katika huduma,

Mjitoleaji, zamani wa chumba cha wadogo, sasa wa jikoni